Gauni la satini la miaka ya 1930: mwambie fundi aweke mkasi chini

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Ohio. Nilinunua gauni refu la jioni kwenye nyumba iliyokuwa ikiuza vitu vya marehemu. Ni jeupe la maziwa, linang'aa, mgongo wazi, halina lebo wala bitana. Ubavuni kushoto kuna vifungo vya kubonyeza, zipu hakuna. Muuzaji aliapa kwamba lilikuwa la Jean Harlow, yule nyota wa Hollywood. Pindo limeshuka upande mmoja, na kwapani kuna madoa ya kahawia. Nataka kulivaa kwenye harusi ya mdogo wangu. Fundi wetu wa hapa anasema atalifua, atasawazisha pindo, kisha atie zipu ubavuni. Nimruhusu? Na je, ni la kweli, na lina thamani gani? Nakutumia picha zake, nje na ndani.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na fundi, maana hilo ndilo la haraka. Mwambie aweke mkasi chini. Asilifue, asiguse pindo, na zipu aiache hukohuko dukani. Simlaumu, kwa nguo ya kawaida hayo yote ni kazi njema. Ila nguo hii haikukatwa kawaida, na kila alichopendekeza kinagombana na mkato wake. Ukiuelewa mkato huo, nusu ya maswali yako yatakuwa yamejibika.

Chukua leso ya mkononi, ile ya pamba ya mraba. Ishike kingo mbili zinazotazamana, uivute. Haisogei. Sasa ishike pembe mbili zinazotazamana, uvute tena. Inarefuka, na katikati inajibana kuwa nyembamba. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande zinazokwenda urefu na nyuzi za mshindio zinazokatiza. Ukivuta kwa kufuata uzi, uzi wenyewe unakuzuia. Ukivuta mshazari, kwa pembe ya digrii 45, hakuna uzi wa kukuzuia: vijiraba vilivyo kati ya nyuzi vinalala na kuwa na umbo la kashata, na kitambaa kinakwenda nawe.

Fundi wa kawaida hupanga vipande vyake ili mtande ushuke wima kutoka begani hadi pindoni. Katika gauni lako kitambaa chote kimegeuzwa digrii 45. Hakuna uzi hata mmoja unaoshuka wima. Uzito wa kitambaa wenyewe ndio unaokivuta chini, na kinapovutwa kinajibana: kinashika kiuno bila mkanda, bila mpira, bila mkunjo wa kifua, kinateleza juu ya nyonga, kisha chini ya magoti kinajiachia na kupanuka. Likitandazwa mezani gauni hilo halina sura, linaonekana kama shuka lililokatwa vibaya. Ndiyo maana mengi huuzwa bei ya kutupa na watu wasiojua wanachouza, na nadhani wewe umenufaika na hilo.

Aliyeufikisha mkato huu kwenye gauni zima ni Mfaransa Madeleine Vionnet, aliyezaliwa 1876 na kufungua nyumba yake ya mitindo Paris mwaka 1912. Kabla yake mafundi walikata mshazari kola na vipande vidogovidogo. Yeye alichukua sanamu ndogo ya mbao, akaizungushia kitambaa, akakigeuza na kukibana kwa pini mpaka kianguke anavyotaka. Baada ya hapo ndipo kazi ilipopanuliwa kufikia kipimo cha mtu. Mkato huu unakula kitambaa, na vitambaa vya zama zile vilikuwa na upana mdogo, kwa hiyo aliagiza afumiwe vipana kuliko vya kawaida. Wezi wa mitindo walimkera hadi akaweka alama ya kidole gumba chake kwenye lebo. Alifunga nyumba yake 1939, lakini kufikia wakati huo mkato wake ulikuwa umevuka bahari zamani na kufika California.

Hollywood iliupenda kwa sababu za kazi, si za urembo peke yake. Filamu nyingi zilikuwa za nyeusi na nyeupe, kwa hiyo rangi ya nguo haikumfaa mpiga picha. Kilichomfaa ni mwanga. Satini ina nyuzi ndefu zinazolala juu ya kitambaa bila kukatizwa mara kwa mara, hivyo inarudisha mwanga kama maji yaliyotulia. Ikikatwa mshazari inafuata kila mkunjo wa mwili, na kila mvaaji anaposogea ule mng'ao unasogea naye. Zilipokuja filamu za sauti, kuanzia 1927, kikaongezeka kingine: vitambaa vikavu vinavyochakarika vilisikika kwenye maikrofoni, satini na krepu hazikupiga kelele. Wabunifu wa mavazi wa studio kubwa za filamu wote waliutumia: Adrian, aliyekuwa mbunifu mkuu wa MGM kuanzia 1928 hadi 1941, Travis Banton wa Paramount na Orry-Kelly wa Warner Bros. Gauni ambalo kila mtu analikumbuka ni lile jeupe la satini ambalo Adrian alimvika Jean Harlow katika filamu ya Dinner at Eight, 1933. Nguo hizo zilikunjamana upesi mno, kiasi kwamba kati ya picha moja na nyingine waigizaji hawakuketi. Waliegemea ubao ulioinamishwa, wenye mahali pa kuwekea mikono.

Sasa gauni lako. Nimezikuza picha zako mpaka nyuzi zikaonekana, na mwelekeo wake ni mshazari kweli, mbele na nyuma. Hilo peke yake halitoshi, kwa sababu mkato huu ulirudi mara mbili. Miaka ya 1970 waliufufua duka la Biba la London na mbunifu Halston wa New York, na miaka ya 1990 mbunifu John Galliano akaurudisha kwa kishindo. Gauni la nyumba ya mitindo ya Dior alilovaa Princess Diana wa Uingereza huko New York mwaka 1996 ni la mkono wa Galliano. Hata mitumba ya kwetu imebeba magauni mengi ya wimbi hilo la 1990, na ukiliona moja kwa mbali unaweza kuapa ni la bibi yake Harlow.

Kinachoyatofautisha kiko ndani. Geuza nguo yoyote inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1930 kabla hujaitazama nje. Kwako nimeona kingo za mishono zimekatwa kwa mkasi wa meno, na pindo limevirigwa kwa mkono, mishono midogo isiyolingana sawasawa kama ya mashine. Ovaloki ya nyuzi tatu au nne, ule mshono wa mashine unaofunga kingo, ingenipa mashaka mara moja. Vifungo vya kubonyeza vilivyo ubavuni kushoto ndipo vinapostahili kuwa. Zipu ziliingia kwenye magauni ya wanawake zaidi katika nusu ya pili ya miaka ile, nazo zilikuwa za chuma, fupi, ubavuni. Zipu ndefu ya nailoni katikati ya mgongo ingemaanisha nguo ni changa, au imefanyiwa kile ambacho fundi wako anataka kulifanyia la kwako.

Bitana usiitafute. Magauni haya mengi hayakuwa nayo. Yalivaliwa juu ya shimizi ya satini iliyokatwa mshazari vilevile, maana bitana iliyokatwa wima ingelishika gauni na kuliziba pumzi. Kama ulinunua vitu vingine katika nyumba hiyo, kavipekue tena. Shimizi yake huenda imelala kwenye sanduku la mashuka.

Kukosa lebo si dosari. Ingekuwepo ingetusaidia: sheria ya Marekani ya 1958, iliyoanza kutumika 1960, ndiyo iliyolazimisha nguo kutaja aina ya nyuzi zake, na maelezo ya jinsi ya kufua yakawa ya lazima 1972, kwa hiyo lebo yenye maneno hayo kwa kawaida inaliondoa gauni kwenye zama zile. Lebo ninayoipenda kuliko zote ni ile yenye tai wa buluu ya NRA, mpango wa kufufua uchumi. Mpango huo wa serikali ya Rais Roosevelt ulianza 1933 na Mahakama ya Juu ikauvunja Mei 1935, kwa hiyo nguo yenye tai huyo unaijua umri wake kama iliyozaliwa hospitalini. Lakini magauni mengi ya jioni yalishonwa na mafundi wa mtaani, au na wenyewe nyumbani. Kuanzia 1932 kulikuwa na kampuni iliyouza patani, yaani karatasi za kufuata wakati wa kukata nguo, zenye picha za waigizaji kwenye bahasha, jina lake Hollywood Pattern, kwa senti 15 tu. Mwanamke wa Ohio aliyetoka sinema Jumamosi aliweza kuanza kukata Jumatatu. La kwako nalihisi ni la kundi hili la mafundi, tena fundi hodari, kwa sababu vipande vya kushoto na kulia vimekatwa kwa mishazari inayopingana ili visivutane upande mmoja. Asiyejua kazi hulisahau hilo, na gauni lake humzunguka mvaaji mwilini anapotembea.

Kuhusu kitambaa, usiniamini mimi wala macho yako. Chomoa uzi mmoja mfupi kutoka ndani ya mshono, mahali uzi umelegea wenyewe, uuchome kwa kiberiti juu ya kisahani. Hariri inanuka nywele zilizoungua na inaacha jivu linalosagika. Rayoni inanuka karatasi. Asetati inayeyuka na kunuka siki. Zote tatu zilitumika miaka ile, kwa hiyo jibu lolote kati ya hayo halilitoi gauni lako kwenye umri wake. Poliesta nayo inayeyuka na kuacha tone gumu jeusi lisilosagika. Hiyo ilifika madukani miaka ya 1950. Usijaribu asetoni, hata tone moja. Kama kitambaa ni asetati, utabaki na tundu.

Kwa niliyoyaona naliweka kati ya 1932 na 1937, na nitashangaa moto ukinikanusha.

La Jean Harlow ni jingine, na hapa nitakuvunja moyo kidogo. Harlow alifariki 1937 akiwa na miaka 26, na tangu hapo kila satini nyeupe yenye mgongo wazi ina mtu wa kuapa kwamba ilikuwa yake. Nguo za filamu hazikuwa mali ya nyota. Zilikuwa mali ya studio. Filamu ikiisha zilirudi stoo, zikapunguzwa au kuongezwa, zikavaliwa na wengine katika filamu nyingine. Kwa hiyo ya kweli kwa kawaida ina alama ndani: kipande cha utepe chenye jina la mwigizaji na namba ya filamu, kwa wino au kwa taipu, mara nyingine majina mawili au matatu, moja limekatwa na jingine kuandikwa. Nyingi zilitoka studio kwenye mnada mkubwa wa MGM wa Mei 1970, na walionunua walikuwa na stakabadhi. Mali bila daftari huisha bila habari, na kiapo cha muuzaji si daftari.

Ukitaka kulifuatilia, tafuta picha za filamu zake na ulinganishe mshono kwa mshono, si sura kwa sura. Maktaba ya Margaret Herrick huko Beverly Hills, ambayo ni ya taasisi inayotoa Oscar, imehifadhi picha na michoro mingi ya mavazi ya filamu. Tazama pale mishono inapokutana kiunoni na jinsi kamba za begani zilivyoungwa. Mavazi ya filamu yalinakiliwa kwa wingi: gauni jeupe la marinda la mwigizaji Joan Crawford katika filamu ya Letty Lynton, 1932, lilipata nakala zake kwenye duka la Macy's la New York. Kufanana na picha, kwa hiyo, ndilo jambo rahisi kuliko yote.

Jina ndilo linalobadilisha bei. Katika mnada ule wa 1970 jozi ya viatu vyekundu alivyovaa Judy Garland katika The Wizard of Oz iliuzwa dola 15,000; Desemba 2024 jozi nyingine ya viatu hivyo ilifika dola milioni 28 kabla ya ada za mnada. Gauni la satini lisilo na jina wala lebo, likiwa zima, huuzwa kwa mamia ya dola. Likiwa na lebo ya mbunifu mkubwa, maelfu. La kwako lina madoa, kwa hiyo usiache kazi. Mimi binafsi naona ni dhuluma, kwani mkato wa fundi wako asiyejulikana haupitwi na nguo nyingi zilizopata majina, lakini soko halinisikilizi.

Madoa ya kwapani ni jasho, na pengine dawa ya jasho pia. Dawa za wakati huo zilikuwa na chumvi za alumini na asidi kali, ziliunguza kitambaa polepole, na kazi hiyo inaendelea hata nguo ikiwa kabatini. Ndiyo maana mahali penye doa kitambaa ni dhaifu kuliko kwingine. Maji yataongeza shida. Hariri inabaki na mstari pale maji yalipoishia, rayoni iliyolowa inapoteza karibu nusu ya nguvu zake, na krepu yenye uzi uliosokotwa sana inaweza kusinyaa mbele ya macho yako. Drai klina ya mtaani nayo hapana. Taasisi ya wahifadhi ya Marekani, American Institute for Conservation, ina orodha ya wataalamu mtandaoni; tafuta wa nguo na vitambaa aliye karibu nawe, umwoneshe kabla hujafanya lolote. Wakati unasubiri, kagua mikunjo kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona vipasuko vifupi vilivyonyooka, kama vimekatwa kwa wembe, hiyo ni hariri iliyoongezewa uzito kwa chumvi za madini kiwandani. Hariri ya namna hiyo inajikata yenyewe, na hakuna wa kuirudisha.

Pindo lililoshuka halikukosewa na fundi. Mtande na mshindio havina nguvu sawa, kwa hiyo mshazari mmoja hurefuka kuliko mwingine, na nadhani gauni hili limetundikwa kwenye henga kwa miaka mingi. Uzito wake umelivuta usiku na mchana bila mwili wa kulishika. Ukilisawazisha leo kwa mkasi utakuwa umekata kitambaa ambacho baadhi yake kingerudi kidogo likipumzishwa, na utakuwa umetupa pindo la mkono ambalo ndilo ushahidi mzuri kuliko wote ulio nao. Zipu ni mbaya zaidi. Utepe wake umefumwa wima na haurefuki. Ukishonwa kwenye mshazari, kitambaa kitarefuka na utepe utakataa, na ubavu mzima utajaa mawimbi. Vile vifungo vya kubonyeza viliachanishwa kwa makusudi, ili mshono upate nafasi ya kucheza.

Leo hii litoe kwenye henga. Tandika kitambaa cha marekani kisichopaushwa, kilichofuliwa na kusuuzwa vizuri, ulilaze juu yake mahali pakavu pasipo jua. Sanduku lisilo na asidi ni bora, na kila penye mkunjo weka karatasi laini isiyo na asidi iliyovirigwa ili kitambaa kisivunjike. Mfuko wa plastiki usiutumie. Darini na chumba cha chini ya ardhi, ambavyo Wamarekani wanavipenda kwa kuhifadhia, navyo ni adui: kimoja kinaoka, kingine kinaleta kuvu.

Harusi je? Harusi zetu unazijua. Utakaa, utainuka, mashangazi watakukumbatia hadi mbavu zilie, biriani itapita juu ya mabega ya watu, na muziki ukianza hakuna atakayekuuliza kama nguo yako ina miaka tisini. Kwapa lililooza kwa jasho la mtu mwingine halitavuka usiku huo. Kama ungekuwa unalivaa kwa picha tu, nusu saa, umesimama, ningekuambia muulize mhifadhi kwanza na huenda angekubali.

Mpe fundi wako kazi nyingine badala yake, ambayo nadhani ataifurahia: ashone jipya kwa kulifuata hili. Asilifumue. Alilaze juu ya karatasi kubwa, kipande kwa kipande, apime kutoka mshono hadi mshono, na kwenye kila kipande achore kwanza mwelekeo wa mtande, kwani bila mstari huo patani haina maana. Ajaribu kwanza kwa kitambaa cha bei nafuu chenye uzito na ulegevu unaokaribiana na satini; marekani ni ngumu mno kwa hili na itamdanganya. Kisha nunua satini yenye mgongo wa krepu, ya upana wa sentimita 140 au 150, mita nne hadi tano kwa gauni refu. Akate kitambaa kikiwa tabaka moja, bila kukikunja mara mbili, na karatasi nyembamba chini yake ili kisiteleze. Aache akiba kubwa ya mshono, na anaposhona atumie zigizaga nyembamba sana, vinginevyo uzi utakatika siku ya kwanza utakapoketi.

Akimaliza mishono yote alitundike gauni hilo jipya siku mbili nzima kabla ya kugusa pindo. Hili jipya ndilo linaloruhusiwa henga, na ni kwa siku hizo tu. Baada ya hapo ulivae, na viatu utakavyovaa harusini, usimame wima, naye apime pindo kutoka sakafuni kwa rula ndefu, akikuzunguka. Asipime kutoka kiunoni.